Vidole vya Malaika

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti halikusumbui tena kama lilivyokutesa wakati wa mvua. Mimi sijambo, kifua kimetulia, ila macho yanadai taa kali zaidi kila mwaka. Wasalimie wajukuu, hata wale wanaonijua kwa picha tu.

Nilikwenda kwenye jumba la kifalme kama ulivyoniagiza. Wanaligeuza kuwa makumbusho ya sanaa za dini, na mafundi bado wamo. Ukumbi wa dansi umejaa watakatifu waliofungwa mablanketi, na bafu la malkia limepangwa mabeseni ya ubatizo. Mlinzi, mtu wa utani, aliniambia: pita taratibu, mzee wangu, maana humu siku hizi hata mende wametubu.

Malaika wetu wa mti, aliyepotea kanisani wakati wa vita, yupo. Amesimamishwa dirishani, pale wafalme walipokuwa wakipokea wageni. Msimamizi, mama mmoja mpole anayeniita baba, alinieleza kwamba kanisa letu limeandika kumdai, lakini hakuna picha wala hati iliyosalimika vitani. Walichohitaji ni mtu mmoja aliyesali mbele yake, amtambue. Kisha akanionyesha mkono wa kushoto. Alisema vidole viwili ni vya mti mwingine, vinene, vya fundi asiyejulikana, na wataalamu wao wamevijadili mpaka wamechoka.

Wewe unavijua. Baba alivichonga jikoni kwetu baada ya wanakwaya kumwangusha malaika, wewe ukimshikia taa, na mjomba akacheka hadi akakaa chini, akisema sasa malaika ana mkono wa kupalilia.

Niliomba kuvigusa, nikaruhusiwa.

Uliniandikia kwamba mmeshamtengenezea mahali pake kanisani, na kwamba wazee wenzetu wanamuulizia kila Jumapili. Nami nilimwambia yule mama kwamba simtambui. Nilisema wetu alikuwa mfupi zaidi. Akanishukuru kwa kujisumbua, akaniitia teksi.

Sikutishwa wala kuhongwa. Niliwaza tu kwamba akiondoka, katika mji huu mzima hapatabaki kitu kilichopita mikononi mwa baba, na miguu yangu haiwezi tena safari ya kurudi huko. Nikaona afadhali niwe nakuja kumtazama, nikilipa kiingilio kama wageni wengine. Nimemkana baba huku nimeshika vidole alivyovichonga. Tangu siku hiyo nakwepa hata kujitazama kwenye kioo ninaponyoa ndevu.

Nakuandikia nikiwa hapahapa jumbani, kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi. Nitampa barua hii aisome kabla sijaifunga bahasha. Najijua: ningeanza na wewe, ungenihurumia, nami ningeridhika na huruma hiyo, na malaika angebaki dirishani.

Malaika atakapofika huko, usinisamehe haraka. Wasalimie wazee wenzetu wote wa kanisani, uwasomee haya yote, na usiwapunguzie neno.

Ni mimi kaka yako, ninayekukumbuka kila siku.