Mbeleko Niliyomtumia Janeti

Mkolani,
S.L.P. 2146,
Mwanza.
2 Aprili 1997

Mpendwa mdogo wangu Dorcas,

Marahaba kwa shikamoo yako. Hujambo wewe, na shemeji Josephat? Kitoto Luhaga ananyonya chupa vizuri? Huku hatujambo, ila Mama bado analalamikia magoti. Paulo wangu, tangu apunguzwe kazini, anauza mitumba Nyegezi na tunakula.

Sasa nikuambie hofu yangu.

Barua yako ya pili nimeisoma mara nne. Kumbe sheria ya Uingereza inamtambua aliyezaa! Mbegu ni yako na ya Josephat, mtoto analala kwenu, lakini kisheria mama ni Janeti aliyewabebea mimba, na mumewe ndiye baba. Mpaka mahakama iwape ninyi amri ya kuwa wazazi. Nayo haiitoi bila wale wawili kukubali, na Janeti hata akikubali leo haihesabiki, mpaka mtoto atimize wiki sita. Nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa: ni tarehe kumi na nne mwezi huu.

Dorcas, nimeharibu. Katika barua ya kwanza ulinipa anwani ya Janeti ukaniomba nimshukuru. Nikamuuliza Mama tumpe nini. Akasema, "Mbeleko apewe aliyezaa. Tangu lini ikampita mzazi?" Nikaona ni kweli, ndivyo tunavyofanya siku zote. Akatoa sandukuni ile ya ngozi ya mbuzi aliyotubebea mimi na wewe. Wewe nikakuwekea vitenge.

Tena nikaandika barua, Sista Bernadetta wa kanisani kwetu akaitafsiri kwa Kiingereza. Nilimwita Mama Luhaga, kama tunavyomwita yeyote aliyezaa, nikamweleza namna ya kumfunga mtoto mgongoni. Nikamalizia: mbebe mwanao akue.

Kifurushi kilitoka siku nane kabla barua yako haijafika. Nilikimbia posta, karani akasema kimeshapanda ndege. Simu yenu nimepiga mara mbili, haikupokelewa.

Paulo ananicheka, eti Janeti ni Mzungu, ataitandika chini akanyagie. Acheke tu. Mimi nimezaa watano, Dorcas. Ningekuwa Janeti, nikaletewa mbeleko na kuitwa mama wa yule mtoto, nisingetia sahihi. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Kwa hiyo ukisoma hapa, vaa viatu uende kwake. Kama ameshaifungua, usimnyang'anye wala usimwonyeshe hasira. Mwambie dada yako hakujua sheria, jina lile alilitoa kwa heshima, na shukrani zetu ziko palepale. Halafu mwache aseme yaliyo moyoni mwake, hata kama yatakuumiza. Na mwanasheria wenu wa kesi hiyo mweleze yote, asije akayasikia kwa wengine mbele ya hakimu.

Msalimie sana Josephat. Paulo na watoto wanawasalimu. Mama naye anawasalimu, sijamwambia kitu. Jana nimemsikia akimsimulia jirani yetu Mama Chenge kwamba sasa mjukuu wake yumo ndani ya mbeleko yake, na alivyokuwa akicheka, nilikwenda jikoni nikalia.

Mungu auongoze mkono wa Janeti, na amlaze Luhaga kwenu leo na siku zote. Nisamehe kwanza, utanigombeza baadaye.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Wilhelmina