Mama, Sikukubali Kwamba Siku Yako Ilifika

Mama yangu,

Shikamoo. Tangu tukuzike Kurui watu wananiambia ninyamaze, eti siku yako ilifika. Sinyamazi.

Asubuhi ile ulikuwa uani unamenya mihogo, unanitania kwamba ualimu wa Misugusugu umenilegeza mikono. Ghafla ukashika kichwa. "Mwanahawa, kichwa kinapasuka." Mdomo ukaenda upande.

Hospitali ya kwanza walikupokea vizuri, sitawasingizia. Wakasema ni kiharusi, wakahangaika na presha. Lakini mashine ya kupiga picha ya kichwa hawana. Daktari wa ubongo hawana. Gari la wagonjwa tulilisubiri mpaka adhuhuri, na wewe bado unanibana kidole. Tulipofika hospitali ya pili yenye mashine, alasiri, hukubana tena. Damu ilikuwa imeshajaa kichwani.

Nilimuuliza daktari, je, kama tungewahi? Akasema, "Siwezi kukuahidi angepona. Ila angekuwa na nafasi."

Nafasi, Mama. Hata hiyo hukupewa.

Mwezi uliopita shemeji yako Seif alianguka sebuleni kwangu, mdomo vilevile. Mjomba akataka tuanzie kituo cha karibu. Nikakataa mbele ya wakubwa wote. Nikapiga simu hospitali ileile ya pili kuuliza kama mashine inafanya kazi, tukaenda moja kwa moja. "Unajifanya daktari?" Mjomba alifoka njia nzima.

Ilikuwa damu, kama yako. Saa hiyohiyo wakampiga picha, wakamfungua kichwa, wakailinda presha yake usiku na mchana. Leo mkono wa kushoto umelala na maneno yanamtoka polepole, lakini anakula mwenyewe na ananigombeza chai haina tangawizi.

Siku aliyofumbua macho nilikwenda nyuma ya wodi nikalia. Nilimwonea wivu, Mama. Kwa niaba yako.

Juzi nilisimama kwenye mkutano wa hadhara Kisarawe, nikasimulia kifo chako na kudai tuletewe mashine. Mheshimiwa mbunge akaniambia nifupishe. Sikufupisha. Akasema, "Tumelichukua." Nikamuuliza, "Mmelipeleka wapi?" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Kwaheri, Mama. Mungu akupe kauli thabiti huko uliko. Mimi nakuahidi hili: kila mkutano watakaouitisha nitakuwepo, na nitaanza kwa kutaja jina lako, Zainabu binti Mwinyi, mkulima wa Kurui. Wakichoka kunisikia, walete mashine.

Mwanao,
Mwanahawa