Kibuyu Mwisho wa Mstari

Kihagara,
21 Novemba 1996

Mwanangu Mansuetus,

Pokea salamu za mama yako aliyekuzaa. Ukiniuliza hali nitakujibu kwamba nakaa, nakula, na kalamu naishika, ila nikiinama kichwa bado kinazunguka. Wewe je? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa vumbi la mahindi huko Makambako kimepoa? Na huyo tajiri wako bado anawalaza juu ya magunia? Mzee Edmund aliyetuazima shamba hili anakusalimu, na mkewe pia. Mvua bado haijagusa ardhi. Ziwa limetulia kama bati, na jua la huku unalijua.

Herufi zangu usizicheke. Nilizipata darasa la kisomo na jembe begani, na zimenitosha. Najua umezoea mwandiko wa kulala wa katekista, maana ndiye anayeniandikia siku zote. Barua hii sikumpelekea. Nimeiandika mwenyewe kwa siku tatu, na ukifika mbele utajua kwa nini.

Nimeupata ujumbe uliomtuma dereva wa lori la dagaa wa usipa. Hukuona mtu mwingine wa kumtuma? Alisimama barabarani akapaza sauti kama anauza mnada, akasema umesikia Vitalia amemnyima bibi yake maji nusura afe, na Krismasi unakuja kumcharaza mpaka akumbuke, kisha utamchukua ukamweke kwa tajiri wako awe mtumishi wa jikoni, na shule basi. Mtoto wako wa miaka minane, Mansuetus. Alikuwa amesimama ubavuni kwangu akasikia neno kwa neno. Hakulia. Aliniuliza tu kama Makambako kuna baridi, na kama wafanyakazi wa jikoni wanapewa blanketi.

Basi kabla hujakata hiyo fimbo, kaa chini usome mpaka mwisho. Wewe ni mtu wa kushika mkia wa habari ukakimbia nao, tangu mdogo.

Ulichosikia ni kweli. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita tulikwenda shambani kabla ya jua, mimi na yeye, kuinua matuta ya mhogo. Kibuyu cha maji nilikiweka mwisho wa mstari, chini ya kichaka, kama ninavyokiweka siku zote, na Vitalia nikamkalisha hapo akilinde. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimebakiza matuta manne ya mstari ule na mate yamekuwa kama unga. Nikamwambia mjukuu wangu aniletee maji. Akainuka, akakishika kibuyu kwa mikono miwili. Nikadhani analeta. Akakibeba kwenda mbele zaidi, hatua kama kumi, akakaa nacho mapajani.

Nikamwita kwa jina lake na la ukoo. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba maji yapo mwisho wa mstari, bibi, malizia kwanza. Nikamtukana matusi ambayo katekista asingekubali kuyaandika. Nikalima. Nilipofika pale alipokuwa, akainuka tena akasogea. Mara ya tatu niliona vibuyu viwili, kisha sikuona kitu.

Aliyeniokota ni Benadetha, yule mama anayepandisha usipa mlimani kwa kichwa. Alinivuta kivulini, akanimwagia maji kifuani, akaninywesha kidogo kidogo kama mtoto wa jana. Na ndiye aliyeitangaza habari mpaka ikafika Makambako, maana mdomo wake hauchoki hata miguu ikichoka. Lakini kuna jambo alilisema ambalo wewe hukuletewa. Alisema mtoto hakuwa anacheka, wala hakuwa amenuna. Ilibidi ambandue vidole kutoka kwenye kibuyu kimoja kimoja. Alikuwa amekaa kama mtu aliyepewa kazi.

Sasa nikukumbushe unayoyajua. Kibuyu mwisho wa shamba ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu alituwekea hivyo, na mama yake alimwekea yeye. Anayelima haraka anakunywa haraka, mvivu anatazama. Na wewe nilikulea hivyo, hukufa. Lakini kule kwetu Mkumbi ukichimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, ukungu unakulowesha shingo mpaka mchana, na mtu anaweza kuchimba mashimo mlima mzima akasahau kama ana koo. Ile mbolea ya bei nafuu ilipoondolewa na mahindi ya mlimani yakaishia magotini, yamegeuka rangi ya njano, tukateremka huku kutafuta mhogo. Niliteremka na jembe langu, na kibuyu changu, na sheria yangu. Jua la huku sikuliuliza kama linaitaka.

Marehemu mkeo Winifrida alizaliwa Liuli, huku huku ziwani, jua hili alikuwa analijua. Alikunywa kabla ya kutoka nyumbani, akanywa shambani bila kungoja, na mtoto akamlazimisha anywe hata kama hajaomba. Alisema ukingoja kiu umekwisha kuchelewa. Mchana kati aliacha jembe akaenda kivulini, akarudi jua likipunguza ukali. Mimi nilimwita bata. Nilimwita bata mbele ya watu kisimani, watu wakacheka, na yeye akacheka nao, akasema ndiyo mama, bata hafi kiu. Hilo la kucheka ndilo lililoniudhi. Nilitaka aone haya.

Ulichoambiwa mwaka jana kuhusu kifo chake ni kwamba malaria ilimpanda kichwani, na kwamba mama yake, Ottilia, alikuwa amemnywesha dawa ya mizizi iliyomharibu. Aliyekuambia ni mimi. Nilikuambia palepale makaburini, udongo bado mbichi, nikakutolea na chupa. Ukaipiga kwenye jiwe mbele ya mama mkwe wako, ukaapa Vitalia hatakanyaga tena Liuli. Yule mama aliinama akaokota vipande ili watoto wasikatwe miguu. Hukuuliza ndani ya chupa mlikuwa na nini, na mimi nilishukuru kwamba nimezaa mtu asiyeuliza.

Mlikuwa na maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi. Basi. Winifrida alikuwa ameharisha siku mbili. Ottilia alisikia, akapanda mtumbwi asubuhi na mapema akaleta chupa hiyo kama walivyofundishwa kliniki, akaniomba kwa heshima zote nimwache binti yake apumzike, asitoke juani, anywe kila mara. Nilimjibu kwamba kwangu hakuna wagonjwa, kuna wavivu. Alipoondoka niliionja. Nilijua ni nini siku ile, na nilijua siku nilipokupa uivunje.

Haya, sasa ndipo penyewe. Usiruke mstari.

Siku ile nilimpeleka Winifrida shambani, chupa ikabaki nyumbani kwa amri yangu. Kibuyu nilimkabidhi Vitalia. Nilimwambia mama yake akikaribia asogee hatua kumi, na akiulizwa ajibu kwamba maji yapo mwisho wa mstari. Nilimwambia tunamfundisha mama kazi. Alikuwa na miaka saba, alifurahi kupewa neno la kusema.

Mara ya kwanza mama yake alicheka, akamwita kachawi, akamwambia alete bwana asimtanie. Mara ya pili hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. Mara ya tatu mtoto alisita, naye akanitazama. Nikampigia ukelele, akasogea. Winifrida hakuomba tena. Alilima. Uso ulikuwa mwekundu na mkavu, jasho hakuna hata tone, nami nikasema moyoni tazama, hata jasho hatoi, anajifanya. Kisha akaanza kuzungumza Kinyasa na marehemu baba yake, akimwelekeza mahali pa kuegesha mtumbwi. Nikamwambia aache maigizo. Alianguka kifudifudi juu ya tuta. Na mimi, Mansuetus, nilimaliza matuta mawili kabla sijakwenda kumgeuza. Nilitaka achoke kujifanya.

Ziwa lilikuwa linaonekana pale chini, zima.

Mzee Edmund alitupakia kwenye mtumbwi mpaka hospitali. Mwili ulikuwa unachoma kama chungu. Nesi akaniuliza kama mgonjwa alikuwa anakunywa maji, nikamjibu amekunywa sana. Vitalia alikuwa ameshika kanga yangu. Nilisikia anaivuta. Jioni mama yake akakata roho.

Tuliporudi, mtumbwini, aliniuliza kama mama amekufa kwa sababu yeye alisogeza kibuyu. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Nilimwambia asimwambie mtu. Ni hayo tu niliyomjibu. Nilijua kwamba mtoto anayejiona mkosaji hafungui mdomo, na mimi nilikuwa nauhitaji mdomo wake ufungwe. Mwaka mzima nimemwacha hivyo. Amekuwa anachota maji bila kutumwa, mitungi inafurika, anachota tena. Majirani wananisifu kwamba nimelea. Nilikuwa napokea hizo sifa.

Nilipopata nguvu baada ya Benadetha kuniokota, nilimwita Vitalia mkekani nikamuuliza kisa cha kuninyima maji. Nilikuwa na mwiko mkononi. Akasema alitaka kuona. Nikamuuliza kuona nini. Akasema alitaka kuona kama mtu anakufa kweli. Nikifa, basi ni yeye aliyemuua mama. Nisipokufa, huenda mama alikufa kwa kitu kingine. Akaniambia samahani bibi, nimefurahi hukufa.

Niliweka mwiko chini. Nikamwambia ni mimi niliyemuua mama yake, yeye nilimtuma tu. Sikumwambia kwa upole, upole sikujaliwa, lakini nilirudia mara tatu mpaka nikaona amesikia. Akafikiri. Akaniuliza kama ni mimi, kwa nini sikusema siku ile mtumbwini. Nikauokota mwiko, nikaurudisha mahali pake. Akaenda zake nje.

Kwa hiyo huyo unayetaka kumkatia fimbo hakunitenda lolote ambalo sikumfundisha, na alinitenda pungufu. Mimi aliniacha hai.

Juzi nilimfungia nguo zake kwenye kitenge cha mama yake, tukapanda mtumbwi mpaka Liuli kwa bibi yake. Kiapo chako cha makaburini nimekivunja, na sikukuomba ruhusa. Jua lilikuwa limepanda tulipofika. Ottilia alituona tangu majini. Hakuniuliza nimefuata nini. Alimshika mtoto kichwa, akamtazama macho, akamtazama na ulimi kama anavyotazamwa mgonjwa, akampa maji. Kisha akachota kata ya pili akapiga goti, akanipa mimi, akaniambia shikamoo dada, pole na jua.

Nilikunywa yote. Nikaomba nyingine, akaleta, nikanywa na hiyo. Nikamwambia mtoto atakaa hapa, asome hapa. Akaanza kulia na kunishukuru, akasema alijua ipo siku nitamwonea huruma. Nikamwacha anishukuru. Nikasema mtumbwi unaningoja.

Sikumwambia. Sema ni kiburi, sitabisha. Vitalia nimemwambia kwamba kinywa chake sasa ni chake, akitaka kusema aseme, asipotaka angoje baba yake. Wewe ndiye uliyevunja chupa mbele ya yule mama, wewe ndiye utakayekwenda kumweleza ilikuwa na nini na mwanawe alikufaje. Mpeleke barua hii umsomee yote kama nilivyoiandika, na hapo penye matuta mawili usipapunguze.

Krismasi usije Kihagara. Pita moja kwa moja mpaka Liuli. Ukimkuta mtoto anachota maji wakati mitungi imejaa, mpokee ndoo, usimgombeze. Fimbo iache Makambako. Na kama ni lazima uje na fimbo, nyumba ninayokaa unaijua, na mlango siufungi.

Nimebakiza mistari sita ya matuta, nitaimaliza kabla ya mvua. Jembe sijaliacha. Mpe salamu huyo tajiri wako, mwambie magunia si magodoro. Wasalimie na vijana wa Mkumbi mnaolala nao hapo. Barua naifunga kwa gundi ya ugali, nampa yule yule dereva, na nimemwambia akiifungua nitamfuata mpaka kwao.

Ni mimi mama yako,
Bonifasia