Baba Anasema Hajaelewa

Igogo, Mwanza
14 Julai 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Habari za kisiwani, habari za kazi, na mgongo wako unaendeleaje? Sisi hapa wote ni wazima. Mdogo wangu Ajwang ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha pengo kila anayepita, hata wasioomba. Baba naye hajambo, anakusalimu.

Barua hii naipeleka kwa Chenge, akiteremsha magunia ya dagaa atarudi nayo kwenye boti. Ungeweza kuniambia nipige simu, lakini simu ni ya Baba, na jambo ninalotaka kulisema linamhusu Baba mwenyewe, na yeye siku hizi habanduki.

Mama, matokeo ya mtihani wa moko yametoka. Kiswahili nimepata A na Historia B. Baiolojia nimepata F. Nilisoma kitabu chote, nikakariri maana zote kwa Kiingereza kama zilivyoandikwa, lakini maswali yalikuja yamegeuzwa na mimi nikabaki natazama karatasi. Novemba si mbali, na bila Baiolojia ule uuguzi niliokwambia hauwezekani.

Baada ya matokeo kulikuwa na kikao cha wazazi. Mwalimu wa taaluma aliwaambia, "Wazazi, kaeni karibu na watoto wenu." Nadhani wazazi wengine walielewa kwamba wafuatilie masomo. Baba amekaa karibu nami. Kila jioni anavuta stuli, anaiweka pembeni ya meza yangu, anakaa na nguo za watu anashona vifungo kwa mkono. Haongei. Nikifungua ukurasa anautazama. Nikimaliza anasema, "Nieleze."

Juzi nilimweleza osmosisi. Nilimkariria kwa Kiingereza, nikamtafsiria. Akasema, "Sijaelewa." Nikarudia. Akauliza, "Hayo maji nani anayaambia pa kwenda?" Nikamwambia kitabu hakikusema. Akasema tena, "Basi sijaelewa." Na Ajwang, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Na mimi sijaelewa." Mama, nilitaka kulia.

Shule inaanzisha kambi ya watahiniwa, tutalala hukohuko mpaka mtihani. Fomu ya ruhusa nimempa Baba, ameikunja akaiweka mfukoni, hajasema ndiyo wala hapana. Naomba umwandikie asaini. Nataka nisome mahali ambapo hakuna anayenitazama.

Binti yako,
Akeyo

*

Kambini, Ukerewe
24 Julai 2024

Akeyo mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa inanuka dagaa, lakini inasomeka. Mimi mzima, mgongo unanisalimia kila asubuhi nikiinama kwenye chanja ya kuanikia dagaa, nami nauambia usubiri. Giza lilikuwa zuri mwezi huu, dagaa walipanda kweli kwenye taa za wavuvi. Sasa mwezi umekuwa mkubwa, wavuvi wamelala, nami nabaki na wenzangu kulinda mzigo. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu.

Hiyo F nimeisikia na sijafurahi, lakini sikulaumu. Mimi niliishia darasa la saba, siwezi kukufundisha mambo ya maji yanayokwenda na kurudi. Na siwezi hata kukaa nawe, maana niko huku kwenye kambi ya wavuvi. Hilo ndilo linaloniuma nikilala, si hiyo F.

Sasa kuhusu baba yako. Gidion Okwach unamjua leo, mimi namjua tangu zamani. Alipokuja kunichumbia kule Shirati alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti, akanywa uji, akaondoka. Jumapili iliyofuata hivyohivyo. Bibi yako akaniuliza, "Rozina, huyu mgeni ana shida gani?" Nikamwambia sijui, hajasema. Siku aliyosema, alisema maneno machache tu, na mpaka leo hajayabadilisha. Kwa hiyo usishangae kukuta mtu amekaa. Kukaa ndiyo kazi anayoiweza.

Lakini hata mimi naona kambi ni bora. Huko kuna walimu, kuna wenzako, taa hazikatiki ovyo. Baba yako ni fundi cherehani, atakusaidia nini na Baiolojia? Nimemwandikia kikaratasi, kimo humu ndani, mpe. Atasaini. Wewe nenda ukasome, usiogope wasichana wa bwenini. Wakicheka, cheka nao.

Msalimie Ajwang, mwambie pengo hilo nalitaka nikija.

Mama yako

*

Igogo, Mwanza
7 Agosti 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na wenzako wote huko. Sisi tunaendelea vizuri, ila Ajwang ana mafua.

Baba amesaini. Alikisoma kikaratasi chako amesimama mlangoni, akatoa fomu mfukoni, akaisaini juu ya paja lake, akanipa. Jumapili hii ninaondoka kwenda kambini. Tranka limeshafungwa.

Lakini Mama, kuna mambo mawili ambayo sikuyajua nilipokuandikia.

La kwanza ni cherehani. Tangu tulipofunga shule kwa mapumziko niliona barazani pako kimya, nikafurahi, nikasoma. Sikujiuliza. Juzi nikatoka nje mchana nikaona meza ya cherehani ipo na kichwa cha mashine hakipo. Nilipata hofu kwamba Baba amekiuza. Nikamuuliza mama Odeta, jirani yetu. Akacheka, akaniambia, "Wewe mtoto unaishi nyumba gani? Baba yako kila asubuhi anakifunga kichwa cha mashine nyuma ya baiskeli anakwenda nacho Buzuruga, anashonea kibandani kwa Elias. Kasema mlio wake unakusumbua." Mama, unakijua kile kichwa kilivyo kizito, na unaijua njia ya Buzuruga. Jioni anarudi nacho, halafu anachagua kazi isiyo na mlio, vifungo na pindo, ndipo anakuja kukaa karibu nami. Mimi nilidhani anashona vifungo kwa sababu vifungo ndivyo vilivyobaki.

La pili lilitokea jana. Baba alikuwa jikoni anatia chumvi samaki (mimi haniruhusu jikoni tena, ananifukuza kama kuku). Nilipita kuchota maji ya kunywa nikaona kwenye bakuli la samaki kuna maji. Nikamuuliza, "Baba, umewamwagia maji?" Akasema, "Hapana, chumvi tu. Samaki ukimtia chumvi anatoa maji, hujui?" Najua, tangu mdogo najua, nimekuona wewe ukifanya. Lakini nilisimama pale na kikombe mkononi. Nikamwambia, "Baba, ndiyo hiyo." Akasema, "Ndiyo ipi?" Nikamweleza kwamba nje ya nyama sasa kuna chumvi nyingi kuliko ndani, na nyama ina utando ambao maji yanaweza kuupita, kwa hiyo maji yanatoka ndani yanakwenda upande wenye chumvi nyingi. Hakuna anayeyaambia. Nilisema haraka, bila kitabu, na mikono yangu ilikuwa inaonyesha.

Baba akaangalia bakuli. Akasema, "Hapo nimeelewa." Akaendelea na samaki wake.

Usiku ule nikagundua kwamba katika kitabu chote cha Baiolojia kuna mada nyingine nyingi ambazo nazijua kwa mdomo tu. Baba alikuwa ananiambia hivyo kila jioni kwa neno moja, nami nilimwona mzito wa kuelewa.

Mama, sitaki tena kwenda kambini. Lakini fomu imeshapelekwa na ni mimi niliyeomba, na nikimtazama Baba maneno yananikauka. Nitamwambiaje kwamba nimebadili mawazo? Naomba wewe umwambie. Chenge amesema atajitahidi jibu lifike kabla ya Jumapili.

Binti yako,
Akeyo

*

Kambini, Ukerewe
13 Agosti 2024

Mwanangu Akeyo,

Marahaba. Boti ilikaa Nansio injini imeharibika, barua yako nimeipata leo Jumanne. Jumapili imeshapita. Nadhani unaisoma hii ukiwa bwenini.

Nimesoma habari ya cherehani nikakaa chini kwenye mchanga. Rebeka, yule mwenzangu wa kugeuza dagaa, akaniuliza, "Umepata msiba?" Nikamwambia hapana, nimepata habari za mume wangu. Akasema, "Basi ni zilezile." Nikamsomea, akasema wa kwake hata ndoo ya maji haiinui.

Sasa sikiliza. Sitamwambia. Kikaratasi cha kwanza nilikiandika kwa sababu ulikuwa unamlalamikia, na nilikosea kukiandika, nikakuachia njia ya kupita nyuma yake. Cha pili sikiandiki. Baba yako hajui kusoma uso wa mtu, anajua kusoma futi. Ukimtazama tu ukitegemea atambue, utamtazama mpaka Novemba. Mwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Ukishindwa kumwambia baba yako jambo unalolitaka, huyo mgonjwa wa hospitali utamwambia nini siku ukivaa hayo magauni meupe?

Na ukibaki kambini kwa sababu kambi imekufaa, pia ni sawa. Mimi nataka usiwe pale kwa aibu tu.

Giza linaisha, mzigo ni mwingi. Kula vizuri.

Mama yako

*

Igogo, Mwanza
6 Oktoba 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Najua ulituma salamu kwa Chenge ukiuliza kama mkono wangu umevunjika. Mkono ni mzima, na sisi sote tu wazima, na natumaini nawe u mzima na mgongo umekusikiliza.

Unaona juu hapo nimeandika Igogo.

Nilikwenda kambini kama ulivyodhani. Wasichana hawakuwa wabaya. Ndalahwa, wa kitanda cha juu yangu, alinigawia karanga zake. Lakini jioni darasani kila mtu alikuwa anakariri kwa sauti, na mimi nikakariri nao. Nilimwomba Ndalahwa anielekee aniulize maswali, akasema, "Akeyo, ukijua na mimi nikijua, tunaulizana ya nini?" Nikarudi kukariri. Barua yako niliipata huko, nikaisoma mara nyingi, na bado sikuwa na ujasiri.

Siku ya wazazi kutembelea ilikuwa mwisho wa Agosti. Wenzangu walijiwa na mama zao na vyombo vya wali na soda, na maneno mengi. Baba alikuja na baiskeli, Ajwang nyuma, na samaki ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa. Akakaa kwenye ngazi ya bwalo. Akanitazama nikila. Ndalahwa akaninong'oneza, "Baba yako ni bubu?" Nikamjibu, "Hapana, anasubiri." Sijui neno lile lilitoka wapi, lakini nilipolisema nikasikia kwamba ni kweli.

Nikanawa mikono, nikasema, "Baba, nataka kurudi nyumbani."

Akasema, "Sijaelewa."

"Nataka kurudi. Kambi hainifai."

"Chakula kibaya?"

"Hapana."

"Wanakuonea?"

"Hapana, Baba."

"Si ulisema unataka kuja? Mama yako akaandika. Nieleze."

Mama, ilibidi nieleze. Hapakuwa na kitabu wala bakuli la samaki. Nilimwambia kwamba hapa nikimaliza kusoma hakuna anayeniuliza, kwa hiyo nadhani najua. Nikamwambia kwamba nyumbani nilikuwa nakasirika akisema hajaelewa, nikaona ananichosha, na nikaomba kambi ili nimkimbie yeye. Hilo lilikuwa gumu kulisema. Nikamwambia najua habari ya Buzuruga. Nikamwambia kwamba asiyeelewa nilikuwa mimi, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na subira ya kungoja mpaka nielewe.

Baba akatazama viatu vyake. Ajwang akasema, "Hiyo hata mimi nimeelewa."

Basi Baba akasimama akaenda ofisini. Nilisikia mwalimu wa taaluma akisema, "Mzee Okwach, wenzake wote wanabaki, na nyumbani nani atamfundisha?" Baba akajibu, "Kufundisha ni kwenu. Atakuja asubuhi kila siku. Jioni nampokea mimi." Sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu hivyo mbele ya mwalimu. Tukafunga tranka kwenye baiskeli, Baba akaikokota, mimi nikabeba godoro, Ajwang akabeba sufuria, tukaenda kwa miguu mpaka nyumbani.

Tangu hapo ni kila jioni. Nimemweleza moyo, figo, jinsi mmea unavyojilisha, na urithi, yaani kwa nini Ajwang ana masikio ya Shirati. Namweleza kwa Kiswahili mpaka aridhike, kisha naandika jibu kwa Kiingereza. Mfumo wa neva umetuchukua wiki nzima. Siku moja akasema ameelewa, nikamwambia, "Baba, hujaelewa, nimeruka sehemu." Akacheka, Mama. Kwa sauti.

Jaribio la Septemba nimepata C. Mwalimu Revocatus, wa Baiolojia, aliniita mbele nieleze jibu langu moja ubaoni, nadhani alidhani nimenakili. Nikaeleza. Darasa zima lilikuwa linanitazama na sikufa.

C si nyingi kwa uuguzi, lakini bado kuna mwezi na siku kidogo.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na kitu cha kusema.

Binti yako,
Akeyo

*

Kambini, Ukerewe
27 Oktoba 2024

Akeyo mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mimi mzima kabisa. Barua yako niliisoma peke yangu, halafu Rebeka akaitaka, halafu wanawake wote wa chanja wakakusanyika, nikaisoma kwa sauti dagaa wakiwa hawajageuzwa. Bosi akaja akauliza kuna nini. Rebeka akamwambia, "Subiri, mtoto yuko bwaloni anaongea na baba yake." Akasubiri naye.

Ile sehemu uliyomwambia baba yako kwamba ulimkimbia, sikuweza kuisoma kwa sauti. Niliiruka. Mimi ni mtu mzima na sijui kama ningeweza kumwambia mtu hivyo huku ananitazama. Uliweza. Hiyo naiweka juu ya C, na C yenyewe naipenda.

Nami nikueleze jambo. Niling'ang'ania kambi kwa sababu nilijua sipo, na mtu asipokuwepo anatafuta walimu na taa zijaze nafasi yake. Nilifikiri wa kusaidia mtoto ni lazima awe anajua kitu. Baba yako hakujua kitu na akakaa.

Basi nimezungumza na bosi. Mwezi utakuwa mkubwa katikati ya Novemba, lakini mtihani wenu utaendelea mpaka giza lingine litakapoingia, ambalo ndilo dagaa wanapanda sana kabla ya mvua kuharibu kazi. Amesema nikikosa giza hilo ataweka mtu mwingine kwenye chanja yangu. Nimemwambia aweke. Amenishangaa. Chanja nyingine zipo, na Januari nitatafuta.

Nakuja na boti ya Alhamisi kabla ya mtihani kuanza, na sitoki Igogo mpaka uandike karatasi ya mwisho. Usinijie bandarini, Chenge atanibebea mzigo. Mwambie baba yako jikoni atoke, mambo ya kupika nitayafanya mimi, na Ajwang nitamlaza mapema. Mama Odeta akileta maneno barazani nitampokea mimi.

Baiolojia sitakuuliza hata swali moja. Hiyo ina mwenyewe.

Mama yako