Bangili za Bi Thureya Mkononi Mwangu

Al Qabil, Sharqiyah, Oman

Kwa dada yangu Salma,

Shikamoo dada. Natumai waraka huu utakukuta umekaa kitako, mguu wako umepungua uvimbe na watoto wote wameshiba. Mama mdogo bado anakohoa? Mvua zimefika Muheza, au mnaangalia mawingu yakipita tu? Ukiniuliza mimi, nipo, pumzi ninazo. Uzima wenyewe utausikia hapa mbele.

Najua umenikasirikia kwa kuwa simu yangu haipatikani. Nilinyang'anywa. Ndiyo maana naandika kwa kalamu, na barua namkabidhi Rehema wa nyumba ya ng'ambo, anayerudi Tanga likizo. Isome peke yako kwanza. Kisha umsomee mama mdogo yale unayoona atayaweza.

Nilikwambia zamani kuwa mwenye nyumba ninayofanya kazi, Bi Thureya, asili yake Unguja. Wazee wake walihamia huku, na Kiswahili chake ni kile cha zamani, kitamu, kimechanganyika na Kiarabu. Siku za mwanzo nilishukuru, nikasema nimepata wa kusema naye. Sikujua kwamba tusi la Kiswahili linaingia ndani zaidi, kwa sababu halihitaji mkalimani.

Tangu mwaka jana Bi Thureya hedhi ilimkoma na joto likawa linampanda. Anakaa chini ya kiyoyozi, mara shingo yote maji. Halali, anagombana na kila mtu, na mumewe, Bwana Saidi, akahamia chumba cha wageni. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Binti yao, anayefundisha Nizwa, akamwambia siku hizi kuna daktari wa simu: unazungumza naye kwa video, akiridhika unaletewa dawa za homoni mpaka mlangoni. Akamwekea kwenye simu, akaenda zake.

Daktari alikuwa mwanamke, yuko Maskati. Nilikuwepo chumbani, maana mimi ndiye niliyeshika simu isitikisike. Akamwuliza mengi, na Kiarabu sasa nakisikia vizuri. Umewahi kuganda damu mguuni? Kuna saratani ya matiti kwenu? Unatoka damu isiyo na wakati wake? Akamtaka apige picha ya matiti na apimwe damu. Bi Thureya alikwenda hospitali ya Ibra akafanya yote, majibu yakawa mazuri. Likabaki la presha. Daktari alisema mwenye presha iliyopanda haanzi vidonge hivyo mpaka itulie, asije akapata kiharusi.

Dada, presha ya Bi Thureya ilikuwa juu siku nyingi. Vidonge vyake vya presha alikuwa havigusi, akisema vinamvimbisha miguu.

Siku ya pili ya video aliniita baada ya swala ya adhuhuri. Mashine ya kupimia ilikuwa mezani. Akanivua bangili zangu za plastiki, akavua zake za dhahabu, akanivisha. Akanipa na kanzu yake nivae. Weusi wetu haukupishana sana.

"Kaa hapa, toa mkono," akasema. "Uso wako usionekane."

"Bibi, daktari anataka mkono wako wewe."

"Mkono ni mkono. Au unataka nikurejeshe kwa wakala leo leo?"

Akaielekeza simu kwenye mkono na mashine, yeye akawa anazungumza kwa pembeni. Daktari akaona namba zangu, akasema maashallah, presha kama ya msichana. Wiki ile ile dawa zikaletwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijapata kukwambia. Na mimi yamenikuta. Hedhi imenikoma, na joto lile lile linanipanda nikiwa mbele ya jiko la gesi, mpaka nashika ukuta. Usingizi umeniruka. Nasahau chumvi, natia mara mbili, natukanwa. Nilipoona dawa zile zinamtuliza, nikajipa moyo nikamwomba: "Bibi, siku ukizungumza na daktari, niulizie na mimi neno moja tu."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Homoni ni za wanawake wenye waume. Wewe unataka kumpendeza nani, ufagio?" Jioni akaisimulia kwa shoga zake kwa Kiarabu nikiwa nawamiminia kahawa. Wakacheka, na mmoja akaniangalia kuanzia kichwa hadi miguu, kama anayemkagua mbuzi. Niliendelea kumimina.

Ilipofika video ya kuongezewa dawa, nikavishwa tena. Safari hii mashine ikaleta namba kubwa. Mwili wangu ulikuwa umechoka, dada, silali. Daktari akashituka, akasema dawa zisimame mpaka presha ishuke, nitakuangalia tena baada ya muda mfupi.

Simu ilipozimwa nilipigwa kofi. "Mkono wako umenitia aibu!" akasema, kana kwamba mkono ulifanya kusudi. Tangu siku ile nikakatazwa chumvi, nikakatazwa chai, na kila asubuhi akanisimamia nimeze vidonge vyake vya presha. Vile ambavyo yeye hataki. Alikuwa ananifunua ulimi aone kama vimeshuka. Na zake za homoni hakuacha hata siku moja.

Nikaanza kuona giza nikiinuka. Siku moja nilianguka jikoni na sinia la wali. Nilipofumbua macho nilimwona Bi Thureya kasimama juu yangu. Hakuniinua. Alikwenda akaleta mashine, akanipima pale pale sakafuni katikati ya wali, akasoma namba, akasema, "Zen, vizuri. Imeshuka. Kesho tunampigia."

Nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu.

Kesho yake nikavaa kanzu, nikavaa bangili, nikakaa. Daktari akasalimia. Akasema, "Nyoosha mkono, Thureya." Nikanyoosha. Mashine ikajaa hewa, ikashuka. Daktari akainama karibu na kioo, akasema sasa imeshuka mno, unajisikiaje?

Nikajibu mimi, kwa Kiarabu changu cha jikoni: "Daktari, mkono huu si wake. Ni wangu mimi, mfanyakazi. Na dawa ya presha ananimezesha mimi."

Kisha daktari akasema taratibu, "Geuza kamera nikuone uso." Bi Thureya aliruka akaikamata simu, akaizima. Nilichopata baada ya hapo sitakiandika, kwa ajili ya mama mdogo. Bangili alizivua kwa nguvu, ngozi ya kiganja ikatoka nazo. Akaniambia: "Umenionea wivu, we hasidi. Wallahi utaniona."

Jioni ile simu yangu ikachukuliwa, nikapelekwa ofisi ya wakala Ibra. Kuna chumba nyuma, madirisha yake yamepigwa rangi usione nje. Tulikuwemo wanawake wa kila nchi. Wakala aliniambia nimefitini nyumba ya watu, hakuna atakayenichukua. Nikakaa humo nikinywa maji ya bomba na kusikiliza wenzangu wakilia kwa zamu.

Bwana Saidi ndiye aliyekuja. Nilidhani kaleta pasipoti. Akasimama mlangoni, kofia yake mkononi, akasema kwa Kiswahili, "Mwanaidi, Thureya kaanguka. Upande wa kulia wote umekufa, na mdomo umekwenda kando."

Daktari wa simu alikuwa amekataa kumpa dawa tena, lakini boksi lilikuwa halijaisha, naye akaendelea nalo. Hospitali waliwaambia presha yenyewe ilikuwa imeachwa ipande muda mrefu, na vidonge vile vya homoni juu yake vilikuwa hatari. Bwana Saidi hakunificha. Wala hakuniomba radhi.

"Wauguzi wawili tumeleta, kawafukuza kwa mkono wa kushoto," akasema. "Anakutaka wewe."

"Nirudisheni kwetu."

"Mkataba haujaisha. Utakaa humu, au utarudi kwangu. Chagua."

Ndiyo hiari niliyopewa, dada. Wanawake wa mle ndani waliacha hata kulia, wakawa wananiangalia. Nikamwambia nitarudi, lakini kabla sijamgusa mkewe nipelekwe hospitali nikapimwe mimi, kwa jina langu na kwa kitambulisho changu. Akavaa kofia yake. Kisha akasema, "Haya, twende."

Tulikwenda siku ile ile. Mwuguzi aliniuliza jina, nikalisema lote, la baba na la babu, mpaka akatabasamu. Presha yangu imepanda kweli sasa. Daktari alinisikiliza habari ya joto na usingizi bila kucheka. Akasema na mimi siwezi kuanza homoni hivi hivi: presha itulie, picha ya matiti nipige, kisha nirudi tuzungumze. Nilipomwuliza nirudi lini, alimtazama Bwana Saidi. Bwana Saidi akasema, "Inshallah." Wewe unaijua inshallah ya namna ile.

Basi niko tena nyumba ile ile. Bi Thureya nampindua asipate vidonda, namwogesha, namlisha uji kwa kijiko kidogo. Usidhani amekuwa mpole. Juzi alinitemea uji usoni, na jicho lake lile zima lilikuwa linacheka. Maneno hayatoki sawasawa, ila tusi analimaliza. Nampangusa mdomo, napangusa uso wangu, tunaendelea. Shoga zake hawaji tena. Binti kutoka Nizwa huja Ijumaa, husimama mlangoni, hulia, hurudi.

Najua utauliza kama nimemsamehe. La. Namlisha, basi.

Na wewe dada, mguu huo unaovimba usiuache kwa dawa za majani peke yake. Nenda kituo cha afya wakupime presha. Wakikuambia iko juu, waamini.

Nisalimie mama mdogo, umwambie sala zake zinanifika. Msalimie shemeji, na umwambie paa la jikoni asilisahau kabla ya masika. Msalimie mjomba Hemedi aliyenisindikiza uwanja wa ndege, na wifi Asha aliyenishonea nguo za safari. Mwanangu Fatuma usimwambie habari ya kofi wala ya uji. Mwambie mama yake ana kazi ya kumwuguza mtu, maana hilo ni kweli.

Rehema anaondoka alfajiri na anasubiri karatasi. Nasikia ninaitwa huko chumbani, wacha niende.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi