Maji ya Karai Moja

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kamasi! Darasa zima ni kamasi. Watoto arobaini na mmoja wa PP2, chekechea, kumi na wawili wanapiga chafya, na Maxwell anapangusa pua kwa mkono kisha anamshika jirani yake shavu. Anacheka. Mimi sicheki. Nyumbani nina Caleb, miezi minne, aliyezaliwa wa miezi saba akakaa wiki tano kwenye mashine ya joto. Daktari hakuzungushazungusha: mafua ya kawaida tu yanaweza kumrudisha kwenye oksijeni.

Mwalimu mkuu, Bwana Angwenyi, anataka niwafundishe usafi. Sawa. Shule yetu hapa Suna haina bomba, kwa hivyo nimeleta karai, sabuni ya kipande, na taulo langu la kijani la nyumbani. Kukohoa ni kwenye kiwiko. Kunawa ni kabla ya uji na baada ya choo. Nitawasumbua mpaka wanichukie.

Jumanne, 10 Juni
Wanapendeza! Foleni imenyooka, wanaimba wimbo wa kunawa niliotunga mwenyewe, kila mmoja anatumbukiza mikono, anasugua, anajifuta. Bwana Angwenyi alichungulia dirishani akasema walimu wengine waje wajifunze kwangu. Nilivimba kichwa. Taulo nimerudi nalo limeloa, nimelianika kwenye kiti.

Alhamisi, 12 Juni
Sijatulia. Wagonjwa ni ishirini na sita. Ishirini na sita! Tunanawa na bado wanazidi. Leo Lynnet alifika kwenye karai, akaangalia, akaficha mikono mgongoni. Nikamuuliza kuna nini. Teacher, hii maji iko na kamasi ya Maxwell, si naiona.

Nikachungulia. Iko kweli.

Nimekulia Mbita tukinawa hivyo. Karai linazunguka kabla ya ugali, linaanza kwa baba, linaishia kwa mtoto wa mwisho, maji ni yale yale. Hakuna aliyeona vibaya. Sasa mimi, na cheti changu cha ualimu, nimewatumbukiza watoto arobaini na mmoja kwenye kamasi ya mmoja — tena kwa wimbo! Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Halafu nikakumbuka taulo ninalorudi nalo kila jioni. Nimekuja nyumbani mbio. Joash, mume wangu, amekuwa akimfutia Caleb tangu Jumanne kila akimwogesha. Si lilikuwa hapo kwa kiti, anasema. Nimemkaripia na sikumwambia kwa nini. Caleb amepiga chafya mara mbili.

Ijumaa, 13 Juni
Vibuyu chirizi! Mitungi mitatu ya lita tano, matundu kwa msumari wa moto, kamba. Maji yanapita mkononi, yanaanguka chini, hayarudi kwa mtu mwingine. Kila mtoto na kitambaa chake. Nimesimama mbele nikawaambia mwalimu alikosea. Maxwell akapiga makofi. Kwa watoto ilikuwa rahisi hivyo.

Caleb ananyonya. Hana joto. Pua ina unyevu kidogo — au ni macho yangu.

Jumamosi, 14 Juni
Mama Leonida, mama mkwe, anakuja kesho kutoka Awendo na akina mama wa kanisa. Goti lilimweka nyumbani miezi hii yote, hajamwona mjukuu hata siku moja. Alipiga simu mwenyewe. Kikohozi kilitangulia salamu.

Nimemwomba Joash amwambie asubiri apone. Akanirudishia: Kwani nani ataambia mama yangu asishike mtoto wa kwake? Mwambie wewe, si wewe ndio mwalimu.

Nimefagia nyumba mara tatu.

Jumapili, 15 Juni
Wamefika sita. Ninaandika chumbani, mlango nimeufunga, daftari juu ya goti moja, Caleb juu ya lingine. Nimesema namnyonyesha.

Nilitoka na jagi niwamwagilie maji mmoja mmoja. Mama akaliona karai langu la shule chini ya meza, akaniita binti wa Mbita kwa Kijaluo: Nyar Mbita, mbona unamwaga maji hivyo na huku mnanunua? Akalijaza, akalizungusha. Wote sita! Kisha akakohoa kwenye kiganja, na kiganja kile kile akaninyooshea, uso umejaa furaha. Sasa leta nyakwara, leta mjukuu wangu.

Watoto arobaini na mmoja nawapigia kelele bila kupepesa. Kwake ulimi umekufa. Caleb akiwa kwenye mashine, huyu mama alifunga siku tatu bila kula akimwombea. Nampenda, na hiyo ndiyo shida.

Na Caleb ana joto sasa. Nimempima kwa shavu langu mara nne. Nikimkataza mama kumshika, ataniuliza kwa nini. Nikisema kikohozi chake, nitakuwa nimemtwika mzigo wangu. Mtoto amepata mafua kabla yeye hajapanda gari Awendo. Taulo la kijani liko kwenye ndoo, na Joash bado hajui.

Chafya — kubwa! Sebuleni wamecheka. Mama anasema huyo ameamka, anajiitia mwenyewe wageni. Viatu vyake vinakuja. Anabisha. Nyar Mbita, fungua nikusaidie, mimi nimelea watoto sita.

Nimemjibu: Mama, ngoja hapo kwanza, kuna kitu nilifanya.

Anangoja mlangoni, amezuia kikohozi, namsikia akikizuia. Na mimi bado ninaandika badala ya kufungua.