Mshipa Usiodunda

Nakwa, Babati

Baba Edda,

Simu yako haipatikani tangu Kwaresima, ndiyo maana nimempa Rehani barua hii akija huko Mererani. Maharage tumevuna. Edda ameng'oka jino, anasema shikamoo.

Kile kichwa nilichokwambia ni malaria, si malaria. Nikiinama kupepeta, macho yanaingia giza. Hospitali wamenipiga picha ya ndani ya jicho. Haiumi, unaweka kidevu kwenye mashine, unatazama taa. Daktari akanionyesha mshipa wa jicho langu kwenye kioo cha mashine. Alisema wa watu wengi hudunda. Wangu umetulia tuli, na anaogopa presha ya maji yanayozunguka ubongo imepanda. Akaniuliza nimekuja na nani. Nikamjibu mume wangu yuko nje, anatafuta bajaji.

Alhamisi napelekwa hospitali kubwa. Nikichelewa, wanasema, naweza kupofuka. Edda atabaki kwa Mama Shadya wa dukani.

Kuku mweupe ametotoa.

Ukirudi, usisimame mlangoni kimya ukitabasamu mpaka niinue uso nikuone, kama ulivyozoea. Sema neno.

Mimi niliyeko nyumbani,
Antonia